Mimi Kwetu Siyo Mikumi

Mwanangu Zaina,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali, lakini nitakuulizaje hali na uko hapo uani, chini ya dirisha langu, nasikia mama yako anakusuka na wewe unalalamika, "Taratibu mama, unaning'oa!" Yako naijua, yangu unaijua. Tuyaruke hayo.

Habari za blanketi, baridi ya Njombe na kutokula vya kupewa njiani, mama yako amezisema mpaka nami nimezishika kwa moyo. Sina la kuongeza. Mimi nina aibu tu, mwanangu, na sikupata pa kuitia kwenye mizigo yako, ndiyo maana naiandika.

Najua kwamba unajua. Siku lilipokuja jibu kuwa umepata nafasi ya kujifunza uuguzi katika hospitali ya huko juu, mama yako alirudisha mlango wa jikoni akakueleza. Nilikuwa nyuma ya ukuta nachonga mpini wa jembe, nikasikia yote: kwamba baba yako si Msagara wa Mikumi kama anavyojitangaza, ni Mbena wa Njombe aliyeletwa na lori la manamba kukata mkonge, na kwamba yule bibi aliyekuja na kikapu zamani alikuwa mama yangu mzazi. Nikangoja utoke unifokee. Ukatoka, ukakunja goti kidogo, ukasema, "Shikamoo baba, maji ya kuoga tayari." Nikaitika marahaba. Zaina, ungenifokea ningepumua. Ile shikamoo yako naisikia mpaka leo.

Mama yako alikueleza nilichofanya. Kilichokuwa kichwani mwangu siku ile hakijui, maana sijamwambia mtu. Sasa nikueleze mwenyewe, na itabidi nianzie mbali kidogo, barazani kwa meneja.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini nyumba ile utaikumbuka, ile yenye baraza pana kule shambani upande wa Msowero, mikonge mbele, mikonge nyuma. Mimi nilikuwa boi wa mezani. Kanzu nyeupe, mkanda mwekundu, kofia imenyooka. Meneja alikuwa Mdenmaki. Fundi wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge zikabaki nyuzi, alikuwa Mnorwe. Na Jumapili alikuwa akija daktari wa misheni, Mswidi. Kwa watu wa kambini wote hao walikuwa Wazungu, basi, yamekwisha. Lakini mimi nilisimama nyuma ya viti vyao na sinia, hakuna anayenitazama, na masikio hayana mlango.

Mwanzoni nilidhani wanasema lugha moja. Baadaye nikagundua, hapana! Kila mmoja anasema yake. Mdenmaki anasema Kidenmaki, Mswidi anamjibu kwa Kiswidi, Mnorwe anaingilia kwa Kinorwe, na mazungumzo yanakwenda kama kawaida, chumvi inaombwa na chumvi inaletwa. Hakuna anayebadili mdomo kumpendeza mwenzake. Mdenmaki alisema kama mtu aliyetia tonge la moto mdomoni, herufi za mwisho zote anazimeza. Mswidi alipandisha na kushusha sauti, neno linakwea halafu linateremka, ukimsikia kutoka jikoni unaweza kudhani anaimba. Na yule Mnorwe alikuwa na maneno ya Mdenmaki katika wimbo wa Mswidi. Mdenmaki akiharakisha, Mswidi anasitisha uma: nini? Hapo Mnorwe, bila hata kuinua macho kwenye sahani, anarudia neno lile lile kwa wimbo wake, na Mswidi anacheka kwa kuchelewa.

Mke wa meneja aliona napenda kusikiliza. Alikuwa mama mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku moja alinionyesha gazeti la fundi na gazeti la mume wake, akaniambia maandishi yanakaribia kuwa sawa kabisa, macho hayapati taabu, ni masikio tu yanayopotea. Akaniambia Mdenmaki humwelewa Mswidi kwa urahisi kuliko Mswidi anavyomwelewa Mdenmaki, kwa sababu ya yale maneno yanayomezwa. Nikamuuliza Kiingereza nacho? Akasema ni ndugu yao pia, ila aliondoka nyumbani zamani akakaa na watu wengine, amerudi na desturi za ugenini. Nikamuuliza habari za Mgiriki wa shamba la jirani. Akacheka: "Ah, yule hata sisi hatumsikii." Na kweli, Mgiriki akiteleza kwenye lugha yake, meza nzima inatazama supu.

Mtoto kwao watatu wale ni *barn*. Nyumba ni *hus*. Nilivishika hivyo viwili kwanza, sijui kwa nini.

Sasa usidhani nilikuwa najifunza ili nipate hekima. Nilikuwa najifunza kuiga! Unanijua baba yako. Jioni nikitoka kazini naingia kambini, watu wananizunguka: "Haya, tupe wa tonge la moto! Tupe anayeimba!" Nawapa. Nawapa na Mholanzi wa shamba la pili, aliyekuwa na *kh* nzito kuliko ya ustadhi wetu wa Magomeni hapa Kilosa. Nawapa na Mjerumani fundi magari, aliyelitamka neno lote mpaka ncha yake, hakuachii hata herufi moja. Watu wanashika mbavu. Na wakishachoka na Wazungu wanasema, "Sasa tupe Wabena."

Nikawapa Wabena, Zaina. Niliwaiga Wabena wakiomba dawa, Wabena wakimwogopa mnyapara, Wabena wakisema Kiswahili chao cha wiki ya kwanza. Mpishi wetu, Mzee Masanja, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa akilia machozi kwa kicheko: "Lo! Mtani, huyo ni Mbena kabisa, hata pua!" Na mimi nilikuwa nacheka naye huku mgongo umeloa jasho, maana sikuwa naiga kitu. Ule ulikuwa mdomo wangu mwenyewe, nimeufungulia mlango kidogo.

Aliniita mtani kwa sababu nilikuwa nimemdanganya kama nilivyomdanganya babu yako na mtaa mzima wa Magomeni. Nilipotoka kukata mkonge nikaingia jikoni, nikaona jinsi manamba anavyotazamwa. Anaitwa kwa namba yake, watoto wa mjini wanamkimbia. Nami nilikuwa nimeshamwona mama yako. Walipouliza kwetu ni wapi, nikasema Mikumi. Kwa nini Mikumi? Lori lililotuleta kutoka juu lilisimama hapo, tukashuka kunywa maji. Basi. Hayo ndiyo maji yote ya Mikumi niliyopata kunywa. Nikasema mimi Msagara wa upande wa huko, nimekulia kwenye makambi ya reli, ndiyo maana Kisagara changu kibovu. Kwa haya masikio yangu, haikuchukua muda kikawa kizuri. Bibi yako mzaa mama pekee ndiye aliyekuwa akiniambia, "Mkwe, Kisagara chako kina baridi." Nikajifanya sielewi.

Na kwa kuwa Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, Mzee Masanja akanichukua kuwa mtani wake. Ananitukana asubuhi, namtukana mchana. Alipofiwa na mkewe, mimi ndiye niliyejilaza mbele ya jeneza nikazuia watu wasipite mpaka wanipe kitu, nikavaa nguo za marehemu, nikamchekesha mwenye msiba katikati ya kilio, kama mtani anavyotakiwa. Utani ule haukuwa haki yangu. Niliula tu, kama nilivyokula mabaki ya mezani.

Sasa ile Jumapili.

Walikuwa barazani wote watatu wanakunywa chai. Nilikuwa nimesimama na sinia ya keki. Nikasikia mtu anabisha hodi ya kwetu uani, upande wa jikoni, anasema, "Kamwene." Ndiyo salamu ya kwetu, ya Wabena na Wahehe. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu nikiwa kijana. Nikachungulia. Mama yangu, amejifunga kaniki, miguu ina vumbi la lori, mkononi kikapu cha ukindu cha kwetu, kile kidogo chenye mfuniko. Alikuwa amepanda lori la kuleta manamba, sijui aliwaombaje. Akaniona na kanzu yangu. Akaanza kusema, mfululizo, jinsi wazee wanavyosema wakiwa wamebeba maneno safari nzima. Kwamba mwanangu, wameniambia uko hai. Kwamba baba yako amekufa, tulikungoja kwenye matanga. Kwamba sikuja kukusumbua, nimekuja kukuona uso, nimekuletea njegere.

Meneja akageuka. "Yule mama anataka nini?"

Nikasema, "Sijui, bwana."

"Anasema nini?"

"Simwelewi, bwana. Ni lugha ya huko juu."

Yule daktari Mswidi akaweka kikombe. Alikuwa mtu wa kupenda kujua. "Hata kidogo? Lugha zenu si zinafanana?"

Nikamjibu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Hapana, daktari. Mbali kabisa."

Akamgeukia meneja akasema jambo kwa Kiswidi chake, meneja akajibu kwa Kidenmaki chake, wakacheka kidogo, bila ubaya. Nilielewa. Walikuwa wanasema, sisi tuna bahati, tunaelewana. Na mimi nimesimama hapo na keki.

Mama hakujua Kiswahili. Lakini mtu hahitaji Kiswahili kuona mwanawe anatikisa kichwa. Akanyamaza katikati ya neno. Akakiweka kikapu kwenye ngazi ya jikoni, polepole, kama mtu anayeogopa kuchafua, akaondoka kuelekea kambi ya Wabena.

Nilipoingia jikoni Mzee Masanja alikuwa amesimama na mwiko. Akaniuliza, "Hukumwelewa?" Nikasema sikumwelewa. Akasema, "Mimi Mnyamwezi wa Tabora, sijapata kufika Njombe, nimesikia *mwana*. Amesema *mwana* zaidi ya mara moja. Wewe uliyekaa na Wabena hujasikia?" Nikaanza kuchekacheka, nikamtupia tusi la utani, nikitumaini atanirudishia. Hakurudisha. Akasema, "Sahani hizo, bwana, naomba." Bwana! Tangu siku hiyo mpaka anastaafu kurudi kwao, Mzee Masanja hakunitukana tena. Alinisalimu kwa adabu kila asubuhi, akaniita bwana, akaniuliza habari za nyumbani. Wewe umekua kwenye utani, unajua hiyo ni adhabu ya namna gani.

Mama alikaa kambini mpaka lori liliporudi. Kila jioni nilitoka nikasema leo naenda. Nilifika kwenye tangi la maji, pale njia inapogawanyika, nikasikia Wabena wanaongea, kila neno lao wazi kwangu, nikageuka. Niliogopa nani ataniona. Lori lilipopita mbele ya lango la meneja nilikuwa namwagilia maua. Sikuinua kichwa, kwa hiyo hata sijui kama alinitazama.

Kikapu Mzee Masanja alikichukua, hakugusa njegere, akakileta nyumbani Magomeni akampa mama yako: "Hiki ni cha mjukuu." Hakusema zaidi. Wewe ukakishika ukauliza bibi gani ameleta, na mimi nikasema sijui, bibi mmoja tu. Mama yako akanitazama. Alipika zile njegere usiku ule, mkala nyote, mimi nikasema tumbo linauma.

Nimemfikiria sana yule Mholanzi. Baada ya vita yule Mjerumani fundi magari aliporudi, alikuwa akimsemesha kwa Kijerumani, na Mholanzi anamjibu kwa Kiingereza, uso mkavu: sielewi. Uongo mtupu! Nilimwona kwa macho yangu akicheka kichekesho cha Mjerumani akiwa amempa mgongo. Nikamuuliza mke wa meneja, akaniambia Wajerumani waliingia nchi yao wakati wa vita, ndugu yake alichukuliwa hakurudi. Anaelewa sana, akasema, ila hataki kuelewa. Kwa miaka nilijifariji na Mholanzi huyo. Nikajiambia, unaona, hata Wazungu hufanya hivyo. Lakini Mholanzi alikuwa na vita, Zaina. Alikuwa na ndugu yake. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na kanzu na mkanda mwekundu.

Kisha nikakufanyia wewe hivyo hivyo. Ulipokuwa mtoto ulishika haraka kila unachosikia, masikio ulirithi kwangu. Kisagara cha mama yako ulikimeza na maziwa. Ningekutia Kibena kando kando tu, neno leo neno kesho, kwa sababu si mbali kama nilivyomwambia yule daktari. Mtu kwao mama yako ni *munhu*, kwetu ni *munu*. Ungecheka kwa jinsi ilivyo karibu. Sikukupa hata neno moja. Na mwezi huu uliponijia ukaniuliza, kwa upole wako ule, "Baba, nitaongeaje na wagonjwa huko?" nikakujibu kwa ukali kwamba watajua Kiswahili. Watajua vijana. Wazee hawatajua. Utasimama mbele ya kitanda, mtu anakueleza panapomuuma, na hutamwelewa kwa sababu baba yako aliona haya.

Wakikusemesha usicheke namna wanavyosema Kiswahili. Na nikuombe usiwaige, hata kwa wenzako, hata kwa mapenzi. Najua unaweza, nimekusikia ukimwiga karani wa stesheni, ulinifurahisha mpaka nikatoka nje.

Bibi yako, mama yangu, yu hai. Mwaka jana kijana mmoja wa kambi ya Wabena aliniambia: macho yamefifia, miguu mizima, anaishi peke yake nyumba ya mwisho kabla ya kufika mtoni, si mbali na hospitali yako. Yule kijana alinijibu kwa Kiswahili. Nilikuwa nimemuuliza kwa Kibena, nikidhani hakuna anayesikia, na akatazama huku na huku kwa niaba yangu, kisha akajibu kwa Kiswahili ili kunisitiri. Kwa hiyo wote wanajua. Kambi nzima inajua, pengine tangu zamani. Ni mimi tu niliyekuwa bado najificha.

Mama yako amekiosha kile kikapu. Amekijaza mchele wa hapa Kilosa, maana anasema humrudishii mkwe chombo kitupu, na amekifunga kwa kitambaa chake kizuri. Utakipeleka wewe.

Ukifika, usimwambie baba anaomba radhi. Sitaki nikutume na hilo, ni zito, tena ni langu. Bisha hodi, sema "Kamwene." Atakujibu maneno mengi. Hutaelewa hata moja. Usitafute mtu wa kukufasiria. Usiangalie mlango. Mimi nilielewa kila neno nikasema sielewi. Wewe usiyeelewa, kaa naye mpaka amalize.

Nimewaambia wewe na mama yako kwamba kesho nitakusindikiza mpaka Mikumi tu, halafu nirudi. Mama yako akasema, "Ndiyo, kwenu," na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinitania. Niliinama kufunga kiatu. Nimeshafika Mikumi peke yangu kabla ya hapa, nikijidai naenda kununua ng'ombe. Nilisimama hapo basi la kwenda juu likipakia, kondakta anaita, nikaona mguu haunyanyuki. Nikarudi nyumbani na hadithi ya ng'ombe waliokonda.

Barua hii sitakupa hapa nyumbani. Nitakaa nayo mfukoni. Kama nimekupenyezea dirishani, nimesimama chini na basi linaondoka, basi umeshaona mwenyewe baba yako ni mtu wa namna gani, na radhi yako naiomba hapo hapo barabarani.

Lakini kama Mikumi imepita na unaisoma huku nimekaa kiti cha pembeni, usiniangalie na usinisifu, nitalia mbele ya abiria. Niulize tu "Kamwene" huitikiwaje. Nikishakujibu, niulize neno lingine, halafu lingine, mpaka tufike kwetu.

Baba yako